Hesabu za Jumamosi Kijijini kwa Mama

Sikuwahi kuwa mwalimu. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa mpima ardhi, mwanamke pekee katika ofisi yetu, na nilipostaafu nilidhani nitatulia nyumbani kwangu Kihonda, mjini, nifuge kuku. Miezi mitatu ya kuku ilinitosha. Nikaanza kupanda mlimani kila Ijumaa, kijijini kwa marehemu mama yangu. Sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo kipande alichokuwa akilima kilikuwa kinanisubiri mimi. Nikapanda njegere na karoti. Nililima vibaya, majirani wakanivumilia.

Siku moja tulikuwa msibani, nimekaa na kina mama tunamenya viazi, mkuu wa shule ya sekondari ya kata akaniita pembeni.

"Mama, nasikia ulikuwa unapima viwanja huko mjini."

"Nilikuwa."

"Basi hesabu unazijua."

Nikakubali, maana sikuuona mtego. Akanieleza kwamba mwalimu wake wa hesabu alihamishwa na mwingine hajaletwa. Vipindi vyake vilikuwa vinashikwa na mwalimu wa baiolojia, ambaye mwenyewe alikuwa akisema wazi kwamba hesabu zilimshinda tangu utoto. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne uliokuwa umepita, shule yake haikupata mwanafunzi hata mmoja aliyefaulu somo lile. Alilitamka "hata mmoja" huku akitazama viatu vyake.

"Nipe kidato cha tatu, siku za Jumamosi," nikamwambia. "Muhula mmoja tu."

Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Tulikutana katika ukumbi mdogo wa parokia, kwa sababu ulikuwa na ubao na mabenchi na haukuwa mbali na nyumba za watu. Nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi: nikasimama mbele, nikajaza ubao kwa Kiingereza kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza, nikafuta, nikajaza tena. Wale watoto walinakili vizuri ajabu, vichwa vya habari wakavipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikajisikia fahari. Mwisho wa kipindi nikawapa maswali kumi. Hakuna aliyepata zaidi ya mawili.

Jumamosi ya pili walikuja wanane. Ya nne wakaja wanne, na mmoja wao nina hakika alikuja tu kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu ya mama yake kufagia ukumbi.

Katika wale wanne kulikuwa na binti mmoja mrefu kuliko wenzake, ambaye kila mara alikaa benchi la karibu na mlango. Vidole vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka, kama vya mtu anayeshika saruji. Yeye hata kunakili alikuwa hanakili. Aliutazama ubao, akanitazama mimi, akatazama nje. Nilimweka katika fungu la wavivu wenye kiburi, na nilikuwa nikijiuliza kwa nini anajisumbua kuja.

Ijumaa iliyofuata nilipanda mapema. Pikipiki ilinishusha inapoishia barabara, nikaendelea kwa miguu, nikapita pale walipokuwa wanajenga chumba kipya cha zahanati ya kijiji. Macho ya kazi hayastaafu. Nikasimama kuona msingi unavyopangwa. Fundi, mwanamume wa makamo aliyevaa kofia ya sufu, alikuwa ameinama kwenye kigingi cha kona, na upande wa pili, akiwa ameishika kamba na mkanda wa kupimia, alikuwa yule binti yangu wa mlangoni.

"Tatu huku," alisema, akatia alama kwenye kamba. "Nne huku. Mjomba, sogeza kidogo. Sogeza tena. Tano! Imekaa."

Nikamwita. Akaja mbio, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hebu niambie, hiyo tatu, nne, tano ni ya nini?"

Akanishangaa kama nimemuuliza jua ni la nini. "Ni ya kona, mwalimu. Ukipima futi tatu upande huu na nne upande huu, ule ulalo unaounganisha ncha zake lazima uje tano. Usipokuja tano kona haijanyooka, na nyumba nzima itakwenda upande."

"Na chumba kikiwa kikubwa?"

"Tunaenda sita, nane na kumi. Au tisa, kumi na mbili na kumi na tano. Ni zilezile, zinakua tu."

Nikasimama pale, mkoba umenining'inia begani, na niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka inanipata tena. Wiki mbili kabla nilikuwa nimewafundisha kanuni ile ile. Nilichora pembetatu ubaoni, nikaandika herufi kwenye kila upande, nikasema miraba ya pande mbili fupi ikijumlishwa inalingana na mraba wa upande mrefu. Binti huyu alikuwa ameitazama kama mtu anayetazama barua ya mwingine.

Kesho yake ukumbini sikuandika herufi yoyote. Nilichora kona ya zahanati, vigingi vitatu na kamba. Nikaandika tatu, nne, tano. Nikauliza tatu mara tatu ni ngapi, nne mara nne ni ngapi, ukizijumlisha unapata ngapi, na tano mara tano ni ngapi. Kisha ndipo nikaichora pembeni ile pembetatu ya awali na herufi zake.

Binti akasimama bila kuruhusiwa. "Mwalimu, hii ndiyo ile ya kamba?"

"Ndiyo ile ile."

Akacheka, kicheko kikubwa kilichowageuza wenzake wote. Halafu ghafla uso ukabadilika. Machozi yalimlenga, na yalikuwa machozi ya hasira.

"Sasa kwa nini hawakusema? Mwaka mzima naambiwa mimi sina kichwa. Kwa nini hawakusema kwamba ni ile ya kamba?"

Hata mimi sikuwa nimesema.

Siku hiyo mvua ilitufungia ukumbini mpaka mchana, tukapata nafasi ya kuzungumza. Nikawaomba wanionyeshe mahali hasa wanapopotea. Mmoja alichukua karatasi ya mtihani wa zamani, akaweka kidole chini ya neno "hence", akaniuliza, kwa upole kabisa, hiyo ni namba gani. Wenzake hawakucheka. Wote walikuwa wakisubiri jibu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Watoto hawa walisoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba ya shule ya msingi, halafu wakaingia kidato cha kwanza na siku moja kila kitu kikageuka Kiingereza, mwalimu akawa anahamishwa kila wakizoeana. Walikuwa wanafeli kusoma swali kabla hawajafika kwenye kufeli hesabu. Tukaanza daftari moja la pamoja, jalada gumu, tukaliita kamusi. Kila neno la mtihani lililowasumbua liliandikwa humo, na mbele yake maana kwa Kiswahili chao wenyewe, si changu. Kwa "hence" walibishana robo saa nzima, mpaka wakakubaliana: "kutokana na hicho ulichokipata hapo juu, endelea."

Kuanzia hapo nilifundisha kinyumenyume. Kwanza tulitoka nje. Tulipima mteremko wa shamba la kabichi la katekista wa parokia kwa fimbo mbili na kamba. Tulikadiria urefu wa mnara wa kanisa kwa kivuli chake. Tulihesabu matuta, tukatafuta mfuatano wake. Tukirudi ndani tulisema tulichokiona kwa Kiswahili, kisha tukakiandika kwa alama, na mwisho kabisa tukakisoma kwa Kiingereza cha mtihani. Habari zikasambaa kwamba Jumamosi kule parokiani kuna hesabu za kutembea. Wale waliotoroka wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa haya, wakijifanya wanapita tu. Kufikia Oktoba walikuwa kumi na tisa, Wakristo na Waislamu, na watatu kati yao walikuwa wanatoka kijiji cha ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili.

Basi nikaanza kujiona mjuzi, na matokeo ya mwisho wa mwaka yakanirudisha chini. Walikuwa wamepanda, ndiyo, lakini wengi bado walikuwa chini ya alama ya kufaulu. Binti yangu wa mlangoni alipata ishirini na moja kwa mia. Katikati ya mwaka alikuwa na nne. Mimi niliona amepanda sana. Nyumbani kwao waliona ishirini na moja.

Shule zilipofunguliwa Januari, Jumamosi ya kwanza hakuja. Wala ya pili. Nikamfuata mjomba wake, yule fundi wa zahanati. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, na huyu hakuwa mtu mbaya. Nilimkuta nyuma ya nyumba anakata mbao. Alinisalimia kwa heshima, akanitafutia kigoda, akafuta vumbi kwa mkono.

"Dada yangu," alisema, "najua kilichokuleta. Mtoto ataendelea na shule, sijamkataza. Nimemkataza hizo za Jumamosi tu."

"Kwa nini, fundi?"

Akazungusha penseli kwenye vidole. "Mimi niliacha darasa la tano. Mwalimu alinisimamisha mbele, akanipa hesabu, nikashindwa. Akanichapa. Kesho yake akanisimamisha tena. Wiki nzima. Darasa lote linacheka. Siku ya sita sikurudi, na sijarudi mpaka leo. Huyu mtoto kila siku anakuja kuniambia hesabu hizi nitazishinda, mjomba, nitazishinda. Halafu analetewa ishirini na moja. Sitaki aje kuumia kama nilivyoumia. Ukoo wetu hatuna kichwa cha hesabu, dada. Ndivyo tulivyo."

Mbele yangu, kwenye ubao alioukata, alikuwa amechora kwa penseli kenchi za mbao za kubeba paa zima la zahanati, kila mti na kipimo chake na pembe yake. Hakuwa na kikokotoo wala kitabu.

"Fundi," nikamwambia, "nina ombi moja. Jumamosi hii njoo unifundishie darasa."

Alicheka, akadhani namtania. Nilipomwonyesha kwamba simtanii, akakataa. Nikarudi Alhamisi, akakataa tena, lakini safari hii aliuliza ni watoto wangapi.

Jumamosi alikuja. Alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani lililopigwa pasi, na mkononi ana mfuko wa kazi: kamba, timazi, pimamaji, na mkanda wa kupimia. Alisimama mlangoni akiutazama ubao, na niliona jasho kwenye paji la uso wake ingawa asubuhi ile ilikuwa na baridi ya ukungu. Mpwa wake alikuwa amekuja naye. Aliketi mahali pake, ameinamisha kichwa, anamwogopea.

"Sasa niseme nini?" fundi akaninong'oneza.

"Waambie paa linainuliwaje."

Alianza kwa sauti ya kukwaruza. Akasema ukitaka maji ya mvua yakimbie, paa lazima liinuke kiasi fulani kwa kila futi unayokwenda pembeni. Mwanafunzi mmoja akauliza kiasi gani. Akajibu. Mwingine akauliza, je, nyumba ikiwa pana mara mbili? Fundi akasahau kwamba anaogopa. Akamwita mtoto mbele, akamshikisha kamba, akamwita mwingine, akaanza kuwapanga kama vibarua wake, na kwa dakika arobaini ukumbi ulikuwa na kelele za mafundi. Mimi nilisimama kando na chaki, kila alichosema nikakiandika ubaoni kwa alama: uwiano huu hapa, pembe hii hapa, mlinganyo ni huu.

Alipomaliza aligeuka, akaona ubao uliojaa.

"Hiyo yote ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, fundi. Hayo ndiyo uliyoyasema sasa hivi. Ni hesabu za kidato cha tatu na cha nne."

Alisogea karibu na ubao, akafuata mstari mmoja kwa kidole bila kuugusa. Kisha alikaa kwenye benchi la mbele, akavua kofia, akajifuta uso nayo, na mpwa wake akatoka mlangoni akaenda kukaa kando yake. Tangu siku hiyo binti hakukosa tena, wala mjomba hakukosa kila alipokuwa hana kazi.

Mwaka ule wa kidato cha nne tulifanya kazi kwelikweli. Watoto walikaa wawili wawili, anayejua na anayetafuta, na sheria ilikuwa moja: huruhusiwi kusema umeelewa mpaka umweleze mwenzio akaelewa. Siku moja binti aliniuliza, mbele ya wote, kama mimi niliwahi kupata sifuri.

"Mara tatu mfululizo," nikajibu, na ni kweli. Nikawasimulia nilivyokuwa bwenini, kidato cha pili, nikilia nyuma ya bafu, na dada mmoja wa kidato cha sita aliyepindua ndoo yake, akaketi, akaniambia nilete daftari. Alinifundisha kila Jumapili mpaka alipomaliza shule. Hakunidai chochote wala hakuniambia nina akili. Alikuwa tu anasema, "Haya, tena." Watoto walilipenda hilo. Ikawa ukikosea ubaoni, darasa zima linaimba, "Haya, tena!"

Wiki za mtihani wa taifa mvua za vuli zilikuwa zimeshika. Njia za mlimani huteleza, na pengine udongo hushuka na njia yote. Tukaomba parokia, na watahiniwa wote wakalala kambi ukumbini. Kina mama walipokezana kupika; mahindi, njegere, viazi, na siku moja mtu akaleta kapu zima la stroberi ambazo zingepelekwa sokoni mjini. Asubuhi ya hesabu nilisimama chini ya mlingoti wa bendera ya shule, nimeshika mwavuli, nikawasubiri. Walipotoka, binti alinipita moja kwa moja.

"Imekuwaje?" nikamwuliza.

"Nina njaa, mwalimu," akasema, akaenda jikoni.

Nikaishi na jibu hilo mpaka Januari.

Siku matokeo yalipotoka nilikuwa Kihonda, nawapa kuku pumba. Simu ikaita. Alikuwa mkuu wa shule.

"Mama," alisema, "kumi na nne."

"Kumi na nne nini?"

"Kumi na nne wamefaulu hesabu! Katika wale kumi na tisa wako, kumi na nne!" Kisha akaanza kusoma majina na alama zao. Alipofika kwa binti wa mlangoni alisimama. "Huyu ana B."

Nilimwaga pumba yote chini. Kuku walifurahi.

Jumamosi ile nilikuta kijiji kizima uwanjani parokiani. Mkuu wa shule alisimama kwenye benchi na karatasi yake. Kila aliposoma jina na herufi ya alama yake, watu walitazamana, maana wengi hawakuwa wanazijua hizo herufi, na sauti ya mama mmoja ikauliza, "Hiyo C ni nzuri?"

"Ni nzuri, mama!"

Vigelegele. Jina lingine. "Na D?"

"Amefaulu, mama!"

Vigelegele tena, vikubwa zaidi, hadi katekista akaenda kupiga kengele bila kuulizwa. Ilipotajwa B, yule fundi hakushangilia. Alikwenda akambeba mpwa wake mgongoni, binti mzima mrefu kuliko yeye, akazunguka naye uwanja mara moja, na binti anapiga kelele ashushwe huku amemkumbatia shingo.

Wale watano ambao hawakufaulu walikuwepo pia, wamesimama pamoja karibu na ukuta. Nilikwenda kwao kwanza kabla ya kula. Kabla sijafungua mdomo mmoja wao, msichana mdogo wa mwili ambaye nilimpenda sana, alinitangulia: "Haya, tena." Watatu kati yao, na yeye akiwamo, walirudia mtihani mwaka uliofuata, na wote watatu walifaulu.

Binti alichaguliwa kidato cha tano, mchepuo wenye hesabu, na alikuwa na miezi kadhaa ya kusubiri kabla ya kuripoti. Wiki ile ile mkuu wa shule aliniambia wanafunzi wa vidato vya chini wanataka kuandikishwa kwa hesabu za Jumamosi, na ukumbi hautawatosha. Nikamwambia waje tu, ya ukumbi tutaona.

Jumamosi iliyofuata pikipiki iliharibika njiani, nikapanda kwa miguu karibu safari nzima, nikafika nimechelewa saa nzima na zaidi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuwaomba radhi watoto wa kidato cha kwanza. Nikasikia kelele kabla sijauona ukumbi. Mabenchi yalikuwa yamejaa, wengine wameketi sakafuni mpaka kwenye kizingiti. Binti alikuwa mbele, mikono imejaa chaki mpaka kwenye viwiko, anamsikiliza mvulana mdogo aliyekuwa anaeleza jambo kwa Kiswahili, anaruka maneno kwa haraka yake. Aliniona, akaniamkia kwa kichwa tu, akaendelea.

Nikawaruka waliokaa kizingitini, nikatafuta nafasi kwenye benchi la nyuma. Msichana wa miaka kumi na mitatu, asiyenijua, akanisogelea, akanionyesha daftari lake, na kwa sauti ya chini, ya mtu anayemhurumia mgeni, akaanza kunieleza walipofikia.